Kaseti Isiyo na Utepe: Vicheza Muziki vya Mkononi Ndani ya Redio za Magari ya Zamani

Gari lililotoka kiwandani katika miaka ya 1980 likiwa na redio ya kaseti liliweza kubeba watu kwa miaka ishirini au zaidi, ilhali katika kipindi hicho hicho vyombo vya kusikilizia muziki vilibadilika mara tatu au nne: kaseti zikaipisha CD, CD ikazipisha faili za MP3, na vicheza MP3 navyo vikamezwa na simu. Tofauti hiyo ya umri kati ya gari na muziki ndiyo iliyozaa biashara ya vifaa vidogo vya kuunganishia, ambavyo wanahistoria wa teknolojia wamevipa nafasi finyu kwa kuwa ni vya bei nafuu na vimekusudiwa kutupwa. Hata hivyo vifaa hivyo vinaonyesha jambo ambalo historia ya redio zenyewe hulificha, kwamba kwa muda mrefu redio ya gari haikubadilishwa hata kidogo ili imkaribishe mgeni, bali mgeni ndiye aliyelazimika kujifanya kitu ambacho redio ilikwisha kukizoea, iwe ni utepe wa kaseti, kituo cha redio au sanduku la CD. Afrika Mashariki, ambako magari mengi hufika yakiwa yametumika tayari nchini Japani, tatizo hilo la umri liliongezewa tatizo la jiografia.

Redio za mwanzo za magari hazikuwa na mahali pa kuingizia sauti kutoka nje, wala hapakuwa na sababu ya kuwa napo. Kampuni ya ndugu Paul na Joseph Galvin ya Chicago, ilipoanza mwaka 1930 kuuza redio ya gari iliyoitwa Motorola 5T71, ilikuwa ikiuza chombo chenye kazi moja, yaani kupokea mawimbi kwa antena na kuyageuza kuwa sauti katika spika, na njia yote kutoka antena hadi spika ilifungiwa ndani ya sanduku la chuma. Jaribio mashuhuri la kumpa dereva muziki aliouchagua mwenyewe lilifanywa na Chrysler, ambayo katika magari yake ya mwaka 1956 iliweka chini ya dashibodi kicheza santuri kilichoitwa Highway Hi-Fi, kazi ya mhandisi Peter Goldmark wa maabara za CBS. Santuri zake za inchi 7 zilizunguka mara 16⅔ kwa dakika, mwendo wa polepole uliowezesha upande mmoja kubeba muziki wa takriban dakika 45, lakini mwenye gari hakuweza kupiga humo santuri alizokuwa nazo nyumbani, na orodha ya zile maalumu ilikuwa fupi mno. Mradi huo ulikufa baada ya miaka michache.

Vifaa vya kwanza vilivyostahili kuitwa viunganishi havikuhusu muziki wa mkononi bali redio yenyewe. Matangazo ya FM yalipoenea Marekani katika miaka ya 1960, mamilioni ya magari yalikuwa bado na redio za AM tu, na watengenezaji wakauza kijisanduku cha kufungwa chini ya dashibodi ambacho kilipokea FM, kikaigeuza kuwa mawimbi ya AM, kisha kikayaingiza katika tundu la antena la redio ya zamani, ambayo ilidhani imenasa kituo cha kawaida. Kanuni hiyo ya kupitia tundu la antena itarejea Nairobi na Dar es Salaam miongo kadhaa baadaye, kwa sababu tofauti kabisa. Ford nayo ilianza kutoa katika magari yake ya mwaka 1966 kicheza kaseti kubwa za njia nane, mfumo uliohusishwa na William Lear, ambamo utepe ulizunguka bila mwisho huku kichwa cha kusomea kikihama kutoka njia moja hadi nyingine. Mfumo huo ulipoanza kushindwa na kaseti ndogo, maduka yalileta kiunganishi kilichokuwa na umbo la kaseti ya njia nane kwa nje na nafasi ya kaseti ndogo kwa ndani. Aliyenunua kifaa hicho katika miaka ya 1970 alikuwa amenunua, pengine bila kujua, wazo litakalotawala kwa miaka thelathini iliyofuata.

Kaseti ndogo ilionyeshwa na Philips mjini Berlin mwaka 1963, baada ya kazi ya kundi la wahandisi lililoongozwa na Lou Ottens katika kiwanda cha kampuni hiyo huko Hasselt, Ubelgiji. Utepe wake ulipita mbele ya kichwa kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde, kasi ndogo ambayo mwanzoni ilionekana kufaa kwa kurekodi hotuba na imla tu, lakini ubora wake uliongezeka mwaka hadi mwaka, na kufikia miaka ya 1980 kaseti ilikuwa ndiyo sauti ya kawaida ya safari kuanzia Ulaya hadi kwenye mabasi ya Afrika Mashariki. Ushindi huo ulisaidiwa na jambo lisilo na mvuto wowote wa kimuziki, nalo ni kipimo cha pamoja cha tundu la dashibodi, lenye upana wa takriban milimita 180 na kimo cha milimita 50, kilichotokana na viwango vya Kijerumani na kufanywa baadaye kuwa kiwango cha kimataifa. Kwa kipimo hicho fundi aliweza kung'oa redio moja na kuweka nyingine, na maadamu jambo hilo liliwezekana, haja ya viunganishi ilikuwa ndogo. Haja ilikua pale watengenezaji walipoanza kuzijenga redio ndani ya dashibodi kwa maumbo ya kila gari peke yake, zikishirikiana vitufe na skrini na kipoza hewa, hivi kwamba kuibadilisha redio kukawa na maana ya kuivunja dashibodi.

Upande wa pili wa kiunganishi, yaani kicheza muziki cha mkononi, ulipata umbo lake mwezi Julai 1979 pale Sony ilipoanza kuuza Walkman ya kwanza nchini Japani. Kwa historia hii, jambo lenye uzito zaidi katika Walkman lilikuwa tundu lake la vipokea sauti vya masikioni, lenye kipenyo cha milimita 3.5, kwa maana tundu hilo lilibaki vilevile katika Discman ya mwaka 1984, katika vicheza MP3, katika iPod iliyotangazwa Oktoba 2001 na katika simu nyingi zilizofuata. Tundu la gari lilibadilika au halikuwepo kabisa, lakini la kicheza lilikuwa lile lile, na aliyebuni kiunganishi alijua daima upande mmoja wa waya wake utaingia wapi.

Upande wa gari, suluhisho lililodumu kuliko yote lilikuwa kaseti isiyo na utepe, ambayo hataza yake inahusishwa na mhandisi wa Marekani Larry Schotz katika miaka ya 1980, na ambayo ilihitajika hasa na watu walionunua vicheza CD vya mkononi huku magari yao yakiwa na kaseti. Ili kuelewa ujanja wake ni lazima kukumbuka namna kaseti ya kawaida inavyosomwa. Utepe umepakwa unga wa sumaku, na sumaku hiyo hupanda na kushuka kwa kufuata sauti iliyorekodiwa. Utepe unapopita mbele ya kichwa, mabadiliko hayo huzaa umeme mdogo katika nyuzi za kichwa, na umeme huo hukuzwa hadi ufikie nguvu ya kusukuma spika. Kichwa hakina uwezo wa kujua kama sumaku iliyo mbele yake imetoka kwenye utepe au kwingineko. Kaseti ya kuunganishia ina kichwa chake kidogo mahali ambapo utepe ungepita, kikitazamana na kile cha redio, na umeme unaotoka kwenye kicheza muziki kupitia waya mwembamba hukifanya kichwa hicho kuwa sumaku inayotikisika kwa kufuata wimbo. Hakuna kinachorekodiwa wala kinachogusana kwa umeme, bali sumaku moja inaiamsha nyingine kupitia mwanya mwembamba kuliko ukucha.

Kilichobaki kilikuwa kuidanganya mashine. Redio nyingi za kaseti hupima kama gurudumu la utepe linazunguka, na likisimama huamini kwamba utepe umekwisha au umekwama, kwa hiyo hugeuza upande au huitema kaseti nje. Ndiyo maana ndani ya kaseti hiyo tupu kuna meno na magurudumu ya plastiki yasiyo na kazi yoyote ya kimuziki, ambayo huzunguka tu ili redio itulie, na kelele za meno hayo, tik-tik zisizokoma, ndizo lalamiko la kwanza la watumiaji wengi. Waya nao ulileta mashaka yake, kwani baadhi ya redio humeza kaseti kwa ubavu mrefu na nyingine kwa ubavu mfupi, na nyingine hufunga kifuniko nyuma yake, hivyo waya uliotokea pembe isiyofaa ulibanwa hadi ukakatika. Kulikuwa pia na kanuni ya sauti ambayo karatasi za maelekezo ziliitaja kwa herufi ndogo na wachache waliizingatia: sauti ya kicheza ipandishwe hadi karibu robo tatu, na ile ya redio ishushwe, kwa sababu mvumo wa kichwa cha redio hauongezeki kicheza kinapopandishwa, na wimbo ukiingia na nguvu huufunika. Aidha, mfumo wa Dolby wa kupunguza mvumo, kama redio ilikuwa nao, ulitakiwa kuzimwa, maana ulikusudiwa kwa utepe uliorekodiwa kwa namna maalumu na uliifanya sauti ya kiunganishi iwe nzito kama iliyofunikwa blanketi.

Magari yaliyokuja na CD peke yake hayakuwa na kichwa cha sumaku cha kudanganywa, na kwa hayo njia ilirudi kwenye antena. Kifaa kidogo cha kurushia FM, ambacho katika maduka ya Afrika Mashariki huitwa moduleta, huchukua sauti ya kicheza na kuirusha kama kituo kidogo cha redio chenye eneo la mita chache, na redio ya gari hutafuta kituo hicho kama inavyotafuta kingine chochote. Ubora wake una mpaka, kwani matangazo ya FM hubeba sauti hadi takriban hezi 15,000 tu, na tatizo kubwa zaidi ni kupata masafa matupu, yaani nafasi isiyokaliwa na kituo halisi, jambo rahisi kijijini na gumu mjini. Serikali nazo zilikuwa na neno. Marekani iliruhusu virusha-mawimbi hivyo bila leseni kwa sharti kwamba nguvu ya wimbi isizidi maikrovolti 250 kwa mita katika umbali wa mita 3, lakini Uingereza ilivihesabu kuwa vituo haramu chini ya sheria ya mwaka 1949 ya mawasiliano ya redio, na iTrip, kifaa cha aina hiyo kilichotengenezwa kwa ajili ya iPod, hakikuruhusiwa kutumika huko mpaka mdhibiti Ofcom alipolegeza kanuni tarehe 8 Desemba 2006, akiweka kikomo cha nanowati 50. Ni vigumu kuiona sheria hiyo ya awali kuwa na busara, kwani ilizuia kwa miaka kadhaa kifaa ambacho kwa nguvu hiyo kidogo kisingeweza kumsumbua jirani.

Njia ya tatu ilikuwa ya waliokuwa na fedha. Magari ya kifahari ya miaka ya 1990 yalikuwa na sanduku la CD sita au zaidi nyuma ya kiti au kwenye buti, lililounganishwa na redio kwa waya mnene, na baadhi ya mafundi waligundua kwamba tundu la waya huo lingeweza kupewa kijisanduku kinachotuma ishara zile zile, ili redio idhani CD zinazunguka huko nyuma wakati sauti inatoka kwenye kicheza cha mkononi. Mwaka 2004 BMW, kwa kushirikiana na Apple, ilianza kuuza kiunganishi rasmi cha iPod kwa baadhi ya magari yake, na baada ya hapo tundu la kuingizia sauti, lililoandikwa AUX, likaenea hata katika magari ya bei ya chini. Mafundi wa mitaani hawakusubiri. Katika redio za kizamani zenye kitufe cha sauti cha kuzungusha, waliufungua mfuniko na kuchomelea nyaya mbili na ya ardhi kwenye miguu ya kitufe hicho, mahali ambapo sauti hupita ikiwa bado ndogo. Waliofanya hivyo walikutana na adui ambaye kaseti ya kuunganishia ilikuwa imewaepusha naye bila wao kujua, nao ni mlio mwembamba unaopanda kadiri injini inavyokazwa. Mlio huo hutokea pale kicheza kinapochajiwa kutoka tundu la kiwashia sigara huku kikiwa kimeungwa na redio kwa waya, kwa kuwa umeme wa alternata hupata njia mbili za kurudi ardhini, na tofauti ndogo kati ya njia hizo husikika katika spika. Dawa yake ni transfoma ndogo inayopitisha sauti kwa sumaku bila kuunganisha nyaya.

Afrika Mashariki iliyakuta mambo haya yote kwa wakati mmoja na kwa mpangilio wake yenyewe. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto kama Japani, na kwa sababu hiyo magari yaliyotumika Japani yalifaa barabara zao bila kubadilishwa usukani. Yalipoanza kumiminika kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, yalikuja na redio zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi moja tu duniani. Huko Japani matangazo ya FM yalipewa masafa ya megahezi 76 hadi 90, wakati sehemu nyingine nyingi za dunia, Afrika Mashariki ikiwemo, zinatumia 87.5 hadi 108. Sadfa ya historia ni kwamba magari hayo yaliongezeka wakati ule ule ambapo serikali zilikuwa zikifungua milango ya utangazaji binafsi: Tanzania ilipitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji mwaka 1993, Kampala ikapata vituo vyake vya kwanza vya binafsi mnamo miaka hiyo, na Capital FM ya Nairobi ikaanza mwaka 1996. Mtu aliyenunua gari lake la kwanza ili, pamoja na mengine, asikilize vituo hivyo vipya, alikuta sindano ya redio yake inakomea 90, na Capital FM iko 98.4.

Dawa iliyouzwa madukani ilikuwa kipanuzi cha masafa, kijisanduku kinachofungwa kati ya antena na redio, ambacho hushusha mawimbi yote kwa kiasi maalumu kabla hayajaingia, kwa kanuni ile ile ya visanduku vya FM vya Marekani vya miaka ya 1960. Kipanuzi kinachopunguza megahezi 16, kwa mfano, huifanya 98.4 isikike pale redio inapoandika 82.4, na dereva hujifunza orodha mpya ya namba kichwani mwake. Lakini hesabu yake haikamiliki, kwa kuwa nafasi ya megahezi 20 na ushei haiwezi kuingia katika nafasi ya 14. Kipanuzi hicho hicho kingeshusha kituo cha 91.3, namba ya Capital Radio ya Kampala, hadi 75.3, chini ya mwanzo wa redio, na hivyo gari lililofaa Nairobi lingeweza kuwa kiziwi kwa kituo maarufu cha mji wa jirani.

Katika mazingira hayo moduleta ilikuwa na tabia ambayo karatasi yake ya maelekezo, iliyoandikwa kwa ajili ya dunia nyingine, haikuitaja. Kwa redio ya Kijapani isiyo na kipanuzi, moduleta inayorusha kuanzia 87.5 hadi 108 na redio inayopokea 76 hadi 90 hukutana katika dirisha la megahezi mbili na nusu tu, na lazima dirisha hilo liwe halina kituo chenye nguvu. Kipanuzi kikiwepo, wimbi la moduleta nalo hushushwa pamoja na mengine, hivyo moduleta huandika namba moja na redio namba nyingine, na muuzaji wa Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam aliyelijua hilo aliokoa muda wa wateja wengi. Redio hizo pia zilikuwa na matundu ambayo hayakuwa na faida kwa mmiliki wa pili: nafasi ya MiniDisc, diski ndogo iliyoletwa na Sony mwaka 1992 na kupendwa Japani kuliko kwingineko, skrini za ramani zenye maandishi ya Kijapani, na viingizio vya video vilivyofichwa nyuma ya dashibodi, ambavyo fundi mjuzi aliweza kuvigeuza kuwa njia ya kuingizia sauti.

Kisha moduleta ikabadilika na kumeza kicheza chenyewe. Vifaa vilivyotengenezwa China vilikuja na tundu la flashi na la memori kadi, vikisoma faili za MP3 na kuzirusha kwa FM bila kuhitaji iPod wala simu, na kwa bei ambayo dereva wa teksi aliimudu. Kwa wasikilizaji wengi wa eneo hili kicheza muziki cha mkononi cha kuunganishwa na gari kilikuwa, kwa hakika, flashi yenye nyimbo mia kadhaa zilizoingizwa kwenye kibanda cha kompyuta. Daladala na matatu zilifuata njia nyingine, kwa sababu muziki ndani yake ni sehemu ya ushindani wa kupata abiria, na wenye magari hayo waliona heri kung'oa redio yote na kuweka amplifaya na spika zao.

Wakati huo tundu la AUX, lililodhaniwa kuwa mwisho wa safari, lilikuwa limeanza kuzeeka. Apple ilipoondoa tundu la milimita 3.5 katika iPhone 7 mwezi Septemba 2016, na watengenezaji wengine wakafuata, gari lenye AUX lilijikuta katika hali ambayo gari la kaseti lilikuwa nayo miaka thelathini kabla, na maduka yakajaa vipokezi vya Bluetooth vinavyochomekwa kwenye AUX, pamoja na kaseti za kuunganishia zenye betri na Bluetooth ndani yake, zile zile za meno ya plastiki, ila waya umeondoka. Japani nayo ilibadilika. Masafa ya juu ya 90 yalikuwa yamekaliwa huko na njia za kwanza za televisheni ya analojia, na televisheni hiyo ilipozimwa katika sehemu kubwa ya nchi Julai 2011, nafasi ya hadi megahezi 95 iliachiwa redio, na redio nyingi za magari zikaanza kutengenezwa kwa kiwango hicho. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane, na Uganda tangu 2018 hairuhusu lililozidi miaka kumi na mitano, redio hizo ndizo zinazozidi kushushwa sasa bandarini: zinainasa 91.3 ya Kampala bila msaada wowote, zinaipa moduleta dirisha la megahezi saba na nusu badala ya mbili na nusu, na bado haziifikii 98.4, kwa hiyo kipanuzi cha masafa kingali kinauzwa.